Darasa la Ngumbaru Lililohamia Ghalani: Kisa cha Kijiji Kimoja Mkoani Mtwara

Jina la kijiji, la halmashauri na majina ya watu wote nimeyaacha. Umri na kazi za baadhi yao nimezigeuza kidogo ili jirani asije akamnyooshea mtu kidole. Mfuatano wa mambo ni ule ule.

Usuli

Kijiji kiko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye mchanga mwekundu na mikorosho inayofika hadi uani. Shida yao kubwa ni maji. Bomba lina siku zake, na lisipotoa, wanawake hushuka bondeni na ndoo wakarudi jua likiwa utosini. Fedha ya mwaka hutoka kwenye korosho. Ufuta na mbaazi husaidia kidogo, na mihogo hushika njaa isiingie ndani. Wakazi wengi ni Waislamu, na karibu kila mtu mzima amepita madrasa, awe alienda shule au hakwenda. Hilo la madrasa nitalirudia.

Mimi nilikuwa Bwana Maendeleo wa kata. Elimu ya watu wazima haikuwa kazi yangu kwa barua, ilikuwa ya Afisa Elimu Kata, lakini yeye alikuwa na shule za msingi sita na pikipiki isiyo na tairi la nyuma. Tukagawana.

Kwa asiyejua mpangilio: mitaala na mafunzo ya walimu hutoka Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975. Kuendesha madarasa ni kazi ya halmashauri. Kwa watu wazima mpango unaotajwa zaidi ni MUKEJA, yaani Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, ambao kwa maandishi unataka wanakisomo wenyewe waseme wanachotaka kujifunza na wafanye mradi wa kuwaingizia kipato. Maandishi ni mazuri. Fedha ya posho ya mwalimu ndiyo inayotafutwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na kwa halmashauri za huku mapato ya ndani ni ushuru wa korosho. Fedha huingia msimu wa mnada, kuanzia Oktoba, na ikifika Juni mfuko umelegea.

Wazee wa kijiji hiki wanakumbuka kisomo cha zamani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wasiojua kusoma wako asilimia 39. Ule wa 1986 ulikuta asilimia 9.6. Ukiwatajia wazee hayo, wanacheka na kukutajia nani alikuwa analala darasani. Neno lililobaki ni “ngumbaru”, yaani kisomo cha watu wazima, na leo ukimwambia mtu ni mwanafunzi wa ngumbaru, umemtania kama si kumtukana.

Darasa lilivyofunguliwa

Mwezi Novemba wenyeviti wa vitongoji walituletea orodha ya wasiojua kusoma na kuandika. Ilipangwa hivi: mwenyekiti alikaa kibarazani kwake akaandika majina ya watu anaodhani hawajui. Hakuna aliyepimwa. Ndani ya orodha alikuwemo mzee mmoja anayesoma vizuri tu, ila hakuelewana na mwenyekiti kuhusu mpaka wa shamba.

Februari darasa lilifunguliwa katika shule ya msingi, saa tisa alasiri, watoto wakishatoka. Walijiandikisha 43, wanawake 31 na wanaume 12. Mwalimu alikuwa binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, nitamwita Mwalimu R. Alipata mafunzo ya siku tano na kuahidiwa posho ndogo kila mwezi. Shule tuliichagua kwa sababu ina ubao na paa, na muda tuliuchagua kwa sababu ndio ambao madarasa yako wazi. Sababu zote mbili zilikuwa za majengo.

Februari huku ni palizi. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na saa tisa alasiri mwanamke aliyefunga ana futari ya kuandaa na maji ya kutafuta. Baada ya Idi hawakurudi.

Mwezi Mei nilikwenda bila taarifa. Rejesta ilisema wamehudhuria 38. Nilihesabu vichwa tisa, na kimoja kilikuwa cha mtoto aliyemfuata bibi yake. Mwalimu R aliniangalia, akaangalia rejesta, akasema, “Bwana Maendeleo, nikiandika tisa darasa linafungwa, na posho yenyewe sijaiona tangu Machi.” Sikumkemea. Fomu niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa na safu ya “waliosajiliwa” na safu ya “waliohitimu”. Kati ya hizo mbili hapakuwa na mahali pa kuandika kilichotokea.

Mazungumzo ya kibarazani

Nilizunguka kwa walioacha, nikianza na Bi S, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye mikorosho mingi kuliko wengi wa wanaume wa kitongoji chake. Nilimpa shikamoo, akanikaribisha mkekani, na kabla sijauliza akaanza yeye.

“Mwanangu, mlinikalisha kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yananigusa kidevu. Naimba a, e, i, o, u, wajukuu wangu wamejaa dirishani wanacheka. Mimi nimehitimu juzuu amma kabla mama yako hajaolewa.”

Kumbe anasoma Kurani, na herufi si kitu kigeni kwake. Kwenye orodha ya mwenyekiti ameandikwa “hajui kusoma”, na kwa fomu yetu ni kweli, maana fomu inahesabu herufi za Kirumi tu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi katika pwani hii, lakini tangu utawala wa kikoloni ulipochagua herufi nyingine kwa shule na ofisi, mwenye kujua zile za kwanza akawa mjinga kwa makaratasi.

Nikamuuliza kama kuna siku kutojua hizi nyingine kunamuumiza. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliojaa stakabadhi za korosho za misimu mitatu, zimekunjwa kama hirizi. Alijua amepeleka magunia mangapi kila mara, maana anahesabu kwa kichwa upesi kuliko mimi. Asichojua ni karatasi inasema nini. Msimu uliopita fedha iliyoingia benki ilikuwa pungufu ya aliyoitegemea. Aliambiwa ni makato. Makato gani, hakuelewa, na ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu anausoma mjukuu. Namba ya siri ya kutolea fedha pia anaijua mjukuu.

Wengine nao walisema yale yale kwa maneno tofauti. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hauzi tena kwa kukabidhiana fedha mkononi. Anapeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, inapimwa, anapewa karatasi, korosho inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, na siku nyingi baadaye fedha inaingia kwenye akaunti ikiwa imekatwa hiki na kile. Mfumo huu ulikuja kumlinda dhidi ya mnunuzi wa njiani, na kwa kiasi unamlinda, ila kila hatua yake ni maandishi. Asiyesoma anaambiwa tu.

Mmoja aliniambia ndiyo maana anaona heri kangomba. Kangomba ni bakuli la kupimia, na ndilo jina la biashara yote ya walanguzi. Mtu anakuja miezi ya njaa na fedha taslimu, anakukopesha, na korosho ikianguka unamlipa kwa kipimo chake. Ni marufuku, na ipo. “Kangomba nakiona kwa macho,” alisema yule baba. “Ile karatasi yenu siioni.”

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watatu: mimi, Mwalimu R na Afisa Elimu Kata. Kwanza tulihamisha darasa kutoka shule hadi kwenye banda la nje la ghala la chama cha msingi. Pale watu wazima huenda kwa shughuli zao na hakuna mtoto wa kuchungulia. Siku tukaweka Ijumaa baada ya swala, kwa kuwa siku hiyo wengi hapa hawaendi shamba, na Jumatatu jioni. Wenyewe ndio waliochagua. Mimi ningeweka Jumatano.

Jambo la pili liligharimu zaidi. Tuliomba chama kitupe stakabadhi za zamani zikiwa zimefutwa majina, mzani mmoja, na ule mchanganuo wa bei unaobandikwa ukutani ambao wenyewe huuita mjengeko: bei ya mnada juu, kisha ushuru, ghala, usafiri, chama, na chini kabisa kinachobaki kwa mkulima. Mwenyekiti wa chama alikataa. Hakuficha sababu. “Mnawafundisha watu kuja kunidai.” Tulirudi kwake mara tatu. Kilichomlegeza ni karani wake mwenyewe, aliyelalamika kwamba kila msimu anatukanwa kwa makato asiyoyapanga yeye, na kwamba watu wakiujua mjengeko watakwenda kuwatukana wanaohusika. Kwa hoja hiyo tukapewa stakabadhi arobaini na mzani mbovu kidogo.

Tatu, tuliacha kuanza na irabu. Tulianza na tarakimu, halafu maneno yaliyomo kwenye karatasi: jina, tarehe, uzito, daraja, makato, jumla. Hili si jambo tulilolivumbua. Mradi wa majaribio wa kisomo uliofanyika kanda ya Mwanza kati ya 1968 na 1972 kwa msaada wa UNESCO ulifundisha kusoma kupitia pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Tulikuwa tunarudia hekima ya miaka hamsini iliyopita ambayo mahali fulani iliachwa kabatini.

Nne, waliopita madrasa tuliwaweka pamoja. Kila herufi mpya waliandika kando yake ile ya Kiarabu inayolingana nayo, pale inapolingana. Walikwenda kwa kasi iliyomtisha Mwalimu R, akaanza kuandaa masomo usiku.

Uamuzi wa tano ulikuwa wangu, na ndio ninaoujutia. Nilikubali mtihani ufanyike mwishoni mwa Agosti ili matokeo yasomwe kwenye Juma la Elimu ya Watu Wazima mwezi Septemba, linaloambatana na Siku ya Kimataifa ya Kisomo ya tarehe 8. Mwalimu R alitaka usubiri hadi baada ya msimu. Wilaya ilitaka takwimu. Niliona tukipata sifa, posho itatoka.

Matokeo

Juni na Julai ni miezi ya kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, watu huamka alfajiri kabla ya upepo. Hata hivyo Julai walikuwa wanahudhuria 26, na safari hii nilihesabu mwenyewe. Wanaume walikuwa watatu tu, wakaishia wawili. Wanaume wa hapa waliona aibu kukaa darasa moja na wake zao wakishindwa nao, na hatukupata dawa ya hilo. Nalisema nikaliacha hapo.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kangomba. Mwalimu R aliandika: mtu amekopa shilingi 40,000 Februari, Oktoba analipa kilo 40. Akauliza, kilo ikiwa 2,000 mnadani, amelipa shilingi ngapi? Hakuna aliyehitaji chaki. Banda zima lilisema “elfu themanini” kwa pamoja, kisha kukawa kimya, maana wengine humo walikuwa na deni la namna hiyo mwaka ule ule. Hesabu walikuwa nayo tangu zamani. Hawakuwahi kuiona imekaa ubaoni mbele ya watu.

Mtihani walifanya 22, wakafaulu 17. Septemba tulipiga ngoma, Bi S alisoma barua fupi mbele ya mgeni rasmi, picha zikapigwa.

Oktoba msimu ukafunguliwa. Darasa lilisimama, lakini siku za kupima Mwalimu R alikwenda kukaa karibu na mzani. Mwanakisomo mmoja alileta magunia matatu: kilo 81, 79 na 64. Karani akaandika 214. Mama yule aliishika karatasi muda mrefu, foleni ikaanza kunung'unika, kisha akasema taratibu, “Mwanangu, hapa kumi zangu umezilaza wapi?” Karani akajumlisha upya, akaandika 224. Kama ilikuwa bahati mbaya au la, sijui, na kwa darasa haikuwa na maana. Wiki ile watu wanne waliokuwa wameacha walikuja kuuliza darasa linarudi lini.

Halikurudi. Januari nilipofuatilia fedha niliambiwa kijiji kile “kimehitimu”. Mafungu ya kisomo yamehamishiwa kijiji kingine chenye orodha ndefu zaidi ya wasiojua. Taarifa iliyotumika kuonyesha kwamba kimehitimu ilikuwa yangu ya Septemba, na sahihi yangu ilikuwa chini. Mwalimu R alidai posho ya miezi saba, akalipwa ya miwili. Februari alipanda basi kwenda Dar es Salaam, na sasa anauza kwenye duka la vipodozi la shangazi yake. Machi banda likajazwa magunia matupu.

Nilirudi msimu uliofuata, miezi kumi na minne baada ya mtihani. Kati ya wale 17 niliwapata 14. Niliwaomba mmoja mmoja wanisomee stakabadhi zao mpya. Tarakimu walisoma wote 14, uzito, makato na jumla, bila kusita. Chini ya stakabadhi kuna sentensi moja ya maelekezo, na hiyo waliisoma watano tu. Wengine walitambua neno moja moja, wakakwama. Bi S alikuwa miongoni mwa watano. Namba ya siri ameibadilisha, na mjukuu amenuna.

Uchambuzi

Wengi walioniuliza kuhusu kisa hiki hupenda sehemu ya kuhama shule kwenda ghalani, wakataka kuiga banda. Banda si siri ya jambo. Lililobadilika ni nani anayemhitaji nani. Shuleni sisi ndio tuliowahitaji wao, ili rejesta ijae. Ghalani walikuwa na swali lao, fedha yangu imekwenda wapi, na kusoma kukawa njia ya kulijibu. Kijiji cha uvuvi kule Kilwa hakina stakabadhi ya korosho, na darasa la huko likianzia kwenye mzani wa korosho litakufa kama letu la shuleni lilivyokufa.

Orodha ya mwanzo ilikuwa kosa ambalo lingezuilika kwa siku mbili za kazi. Kumkalisha mtu, kumpa karatasi moja ya kusoma na hesabu moja ya kujumlisha, kungetuonyesha makundi matatu tofauti: wasiojua kabisa, wanaojua herufi za Kiarabu, na waliosoma hadi darasa la nne wakasahau. Tuliwatia wote kapu moja na kuwaimbisha irabu. Hesabu za kichwani walizokuja nazo hatukuzipima kabisa, na ndizo zilizobeba darasa baadaye.

Jambo lililonifundisha zaidi ni lile la tarakimu kubaki na maneno kupotea. Tarakimu zinatumika kila msimu, kwenye mzani, simu na ukutani. Maneno hayana pa kutumika. Nilizunguka kijiji kile nikiandika kila maandishi ninayoyaona: mfuko wa salfa, fulana za kampeni, jina la duka, tangazo la mkutano lililopauka, na kanga, ambazo kwa kweli ndizo maktaba kubwa ya kijiji. Hapakuwa na gazeti wala kitabu cha mtu mzima nje ya madrasa na ofisi. Wapangaji wa miaka ya sabini walilijua hili. Walianzisha magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji, na kampeni za redio kama ile ya afya ya mwaka 1973 iliyofikia watu wapatao milioni mbili, iliyowakusanya watu kwenye vikundi wakisikiliza, wakisoma kijitabu na kuchimba vyoo. Mafanikio ya 1986 hayakuja kwa irabu peke yake. Waliosoma walikuwa na kitu cha kusoma kesho yake.

Sasa tunasema elimu ya maisha yote, na sera yetu ya elimu na mafunzo inalitaja jambo hilo. Lakini fedha inatembea kana kwamba kisomo ni mto: ukishauvuka umevuka, mashua irudi ikachukue wengine. Halmashauri haikufanya hila kwetu. Ilifuata fomu. Fomu ikiuliza wangapi wamehitimu, kijiji kilichofaulu ndicho kinachopoteza mwalimu kwanza, na mwalimu mwenye akili atajifunza kutowafaulisha watu haraka. Mwalimu R alikuwa ameshajifunza kujaza rejesta, hilo la pili lingemfuata tu.

Kuhusu posho, nitasema kwa ukali kidogo. Tunamwita mwalimu wa kujitolea ili tusione aibu tunapomlipa mwisho. Fedha ya halmashauri hizi inafuata korosho, kwa hiyo ahadi ya kumlipa kila mwezi ilikuwa ahadi tuliyojua hatutaiweza ifikapo Mei. Kama tungemlipa mara mbili kwa mwaka, Novemba na Januari ushuru unapoingia, na kumwambia hivyo tangu mwanzo, nadhani angekuwepo. Mwenyekiti wa chama, yule aliyekataa stakabadhi mwanzoni, aliniambia baadaye kwamba chama kingeweza kuchangia kitu kidogo kutoka kwenye fungu la elimu ya ushirika, ila hakuna aliyemwomba. Ni kweli, hatukumwomba. Nilimwona kama mpinzani kwa sababu alinikatalia mara tatu, nikasahau kwamba mara ya nne alikubali.

Mwaka jana nilisaidia kuandika upya fomu ya robo mwaka ya kata. Nimeongeza safu ya “wanaoendelea” na safu ya “mwalimu amelipwa hadi mwezi gani”. Wilayani safu ya kwanza wameikubali. Ya pili imerudi imekatwa kwa kalamu nyekundu, bila maelezo, na nimeipeleka tena.